Kukagua Rekebisho la Hitilafu katika Profaila Huria: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Ukurasa huu umekusanywa kutokana na maswali yanayorudiwa na wenzetu wa Mbeya, Iringa na Njombe wanaojitolea katika miradi ya programu huria, hasa wale wanaopewa kwa mara ya kwanza kazi ya kukagua rekebisho la mtu mwingine badala ya kuandika la kwao. Mifano mingi inahusu profaila zinazotumika kwenye Linux, kwa sababu ndizo wengi wetu tunazo mezani.

## Misingi

Profaila ni nini?

Profaila ni programu inayopima programu nyingine. Inaonyesha muda wa prosesa, au kumbukumbu, unaliwa na sehemu gani ya msimbo, ili anayetaka kuongeza kasi asifanye kazi kwa kubahatisha. Baadhi ya profaila huhesabu kila mwito wa fankisheni (kipande cha msimbo chenye jina na kazi yake) kwa kupachika maelekezo ya ziada ndani ya programu inayopimwa. Gprof, iliyoelezwa na watu wa Berkeley mwaka 1982, ilihesabu miito kwa njia hiyo huku ikichukua pia sampuli za muda. Nyingine hutegemea sampuli peke yake: mara kadhaa kwa sekunde huikatiza programu, huandika iko kwenye fankisheni ipi na fankisheni hiyo imeitwa na nani, kisha huiachia iendelee. Kifaa cha perf, kilichoingia kwenye kerneli ya Linux, yaani moyo wa mfumo huo, mwaka 2009, kwa matumizi yake ya kawaida hufanya kazi hivyo, na py-spy ya lugha ya Python vilevile. Majibu yaliyo hapa chini yanahusu zaidi profaila za sampuli.

Kukagua rekebisho la profaila kuna tofauti gani na kukagua rekebisho la programu nyingine?

Programu ya kawaida ikikosea, mara nyingi hupiga kelele: inajizima, inakataa kuhifadhi, au inaonyesha ujumbe wa kosa. Profaila ikikosea inakupa namba, na namba ya uongo haina sura tofauti na namba ya kweli. Mkulima aliyewahi kuuza viazi Uyole kwa lumbesa, yaani gunia lililojazwa kupita kipimo, anaelewa jambo hili kuliko wengi wetu, kwa maana gunia lile lina mdomo ulioshonwa vizuri na linaitwa gunia kama magunia mengine. Kinachokosekana ni uhusiano kati ya jina lake na uzito wake. Dawa ya mizani inayotiliwa shaka ni jiwe lenye uzito unaojulikana, na dawa ya profaila inayotiliwa shaka ni programu ambayo majibu yake unayajua kabla ya kuipima.

Kwa hiyo mkaguzi hatosheki na kuona kwamba ripoti ya hitilafu imenyamazishwa. Anauliza kama namba iliyotokea baada ya rekebisho ni ya kweli, na anadai njia ya kulithibitisha hilo. Karibu kila jibu katika ukurasa huu linatokana na swali hilo moja.

Je, ni lazima niwe mtaalamu wa kerneli?

Si lazima. Mtu anayeweza kuirudia hitilafu, kulijaribu rekebisho kwa uaminifu na kueleza alichokiona anausaidia mradi kuliko mtaalamu aliyesoma mistari kwa haraka akaondoka. Pale usipoelewa sehemu ya msimbo, sema wazi kwamba hukuikagua, ili msimamizi wa mradi amtafute mwingine.

Nianze kwa kusoma msimbo au ripoti ya hitilafu?

Anza na ripoti, na usiufungue msimbo mpya mpaka uweze kueleza kwa maneno yako mwenyewe ni nini kilitokea, ni nini kilipaswa kutokea, na kwa nini hivyo viwili vinatofautiana. Ukianza na msimbo, maelezo ya aliyeuandika yatakuteka, nawe utajikuta unakagua kama mistari inafanya kile anachosema inafanya, jambo ambalo kwa kawaida ni kweli, badala ya kukagua kama alichokusudia ndicho kinachohitajika.

## Kuirudia hitilafu

Hitilafu haitokei kwenye kompyuta yangu. Nifanyeje?

Kabla ya kuandika kwamba hukuiona, linganisha mazingira yako na ya mleta ripoti. Tofauti zinazoleta usumbufu mara nyingi ni chache. Ya kwanza ni ruhusa: thamani iliyo katika `/proc/sys/kernel/perf_event_paranoid` huamua mtumiaji wa kawaida anaruhusiwa kupima nini, na kwa kuwa kerneli huweka 2 huku Debian na Ubuntu zikikaza zaidi, watu wawili wenye kompyuta zinazofanana wanaweza kupata matokeo tofauti kabisa. Ya pili ni mashine pepe. Seva nyingi za kukodi hazitoi kaunta za prosesa yenyewe (vihesabio vilivyomo ndani yake), hivyo perf hurudi kwenye saa ya kawaida ya kerneli, na hitilafu iliyo kwenye njia ya kaunta haiwezi kuonekana huko hata ukikesha. Ya tatu ni namna programu inayopimwa ilivyokompailiwa, yaani msimbo wake ulivyogeuzwa kuwa maelekezo ya prosesa, ambayo ina jibu lake katika swali la milolongo ya miito iliyokatika.

Ukishalinganisha hayo na bado huioni, mwombe mleta ripoti faili la upimaji wenyewe, si picha ya skrini.

Programu ya majibu yanayojulikana inaandikwaje?

Andika fankisheni mbili zinazofanya hesabu ileile kwenye kitanzi, moja ikizunguka mara tatu zaidi ya nyingine, kisha ziite kwa zamu. Profaila nzuri itasema ya kwanza inakula asilimia 75 na ya pili asilimia 25, kwa makadirio. Hakikisha kompaila haikuzimeza fankisheni hizo ndani ya `main` wala kuifuta hesabu isiyotumika; ukisahau hilo utailaumu profaila kwa kosa la kompaila, nami nimeshuhudia jioni nzima ikipotea hivyo, chai ikipoa mezani.

Kiasi gani cha tofauti kivumiliwe? Hapa hesabu ndogo inasaidia kuliko hisia. Ukichukua sampuli 99 kwa sekunde kwa sekunde 10, unapata sampuli 990, na kwa fankisheni yenye sehemu ya asilimia 25 kosa la kawaida la makadirio linakaribia pointi 1.4, kwa hiyo matokeo ya asilimia 23 au 27 hayana jipya la kusema. Ukipima kwa sekunde 60 unapata sampuli 5,940, na kosa hilo linashuka hadi pointi 0.6 hivi. Rekebisho linalodai kusahihisha upotoshaji wa pointi mbili haliwezi kukaguliwa kwa kipimo cha sekunde 10, hata kama mwandishi wake ameweka jedwali la kupendeza kwenye maelezo yake.

Kwa nini watu wanapima mara 99 kwa sekunde badala ya 100?

Kazi nyingi ndani ya kompyuta hujirudia kwa vipindi vya namba kamili, kama mara 100 kwa sekunde. Profaila ikitumia mwendo uleule, inaweza kila mara kuikuta programu katika hatua ileile, mfano wa mtu anayepita Mwanjelwa saa kumi na mbili asubuhi kila siku akahitimisha kwamba soko lile halina wateja. Namba 99 huuvunja mwendo huo. Ukiona rekebisho linaibadilisha kuwa 100 kwa sababu ya usafi wa macho, uliza sababu.

Umeme umekatika katikati ya kipimo, na kompyuta mpakato imehamia kwenye betri. Je, matokeo yanafaa?

Kwa kulinganisha kabla na baada ya rekebisho, hayafai. Kompyuta nyingi hupunguza mwendo wa prosesa zikiwa kwenye betri, na tofauti hiyo inaweza kuzidi hitilafu unayoichunguza. Rudia vipimo vyote viwili katika hali moja, hata kama hali hiyo ni betri kwa betri. Joto nalo lina lake: prosesa iliyopata moto hujipunguza kasi yenyewe, kwa hiyo kipimo cha mwenzako aliyeko Kyela mchana wa jua kisilinganishwe moja kwa moja na chako cha Makete mwezi Julai. Pima yote mawili kwenye mashine moja, kwa kupishana: la zamani, jipya, la zamani, jipya.

Hazina ya msimbo ni kubwa na bando langu ni dogo. Naweza kupakua toleo la mwisho tu?

Unaweza, kwa `git clone --depth 1`, na kwa kulijaribu rekebisho peke yake inatosha. Hata hivyo utakuwa umeikosa historia, na bila historia huwezi kujua hitilafu iliingia lini. Njia ya kati ni `git clone --filter=blob:none`, ambayo hupakua historia ya mabadiliko lakini huacha yaliyomo kwenye mafaili ya zamani mpaka yatakapohitajika. Kwa njia hiyo `git bisect`, inayotafuta badiliko lililoleta hitilafu, hufanya kazi, nayo ina faida kubwa: mabadiliko 1,000 hupekuliwa kwa majaribio kama 10, kwa kuwa kila jaribio hukata nusu ya yaliyobaki. Anza ukiwa mahali penye mtandao wa chuo au wa ofisi, kwa sababu kila hatua itapakua mafaili kidogo.

## Kuusoma msimbo

Rekebisho ni la mstari mmoja. Kwa nini ukaguzi uchukue siku mbili?

Hili ndilo swali tunaloulizwa kwa uchungu zaidi, na linastahili mfano mzima.

Chukua ripoti inayosema kwamba profaila huonyesha muda hasi programu ikipimwa kwa zaidi ya nusu saa. Mwandishi wa rekebisho anagundua kwamba muda unahifadhiwa kwa mikrosekunde katika namba kamili ya biti 32 yenye alama ya chanya na hasi. Namba hiyo hufika mwisho baada ya mikrosekunde 2,147,483,647, yaani dakika 35 na sekunde 47, kisha hugeuka kuwa hasi. Mwandishi anaondoa alama, namba inakuwa ya chanya tu, muda hasi unatoweka, na majaribio yote yanapita. Mstari mmoja.

Ila hitilafu haikuondoka. Imehamishiwa dakika ya 71 na sekunde 35, ambapo namba ya biti 32 isiyo na alama inajaa na kuanza tena kwenye sifuri. Tena imekuwa mbaya zaidi kuliko ilivyokuwa, maana muda hasi ulimshtua kila aliyeuona, lakini muda unaoanza upya kimyakimya hakuna atakayeushuku. Mimi mwenyewe niliwahi kuidhinisha rekebisho la namna hii katika mradi mmoja, nikaandika kwamba nimelijaribu, na kweli nilikuwa nimelijaribu: kwa dakika 40.

Mkaguzi aliye makini angeuliza mambo matatu. Kwanza, je, namba hii ni jumla inayoendelea kukua, au ni tofauti kati ya nukta mbili za wakati? Kama ni tofauti tu, hesabu ya kutoa kwa namba zisizo na alama hutoa jibu sahihi hata baada ya kujaa, mradi nafasi kati ya nukta hizo isizidi mzunguko mmoja, na hapo mstari ule mmoja unaweza kuwa rekebisho halali. Kama ni jumla, hakuna njia ila kuongeza ukubwa hadi biti 64 zisizo na alama, ambazo hata kwa nanosekunde hutosha zaidi ya miaka 500. Pili, namba hii inaandikwa wapi tena? Ikiwa faili la upimaji limeitengea nafasi ya biti 32, kubadilisha aina yake kwenye kumbukumbu tu kutaikata wakati wa kuandika, na kubadilisha faili kunadai namba mpya ya toleo la muundo ili wasomaji wa zamani wasisome takataka wakidhani ni vipimo. Tatu, saa inayosomwa ni ipi? Saa ya kalenda inaweza kurudishwa nyuma kompyuta inapojirekebisha kwa mtandao, na hilo nalo huzaa muda hasi. Vipimo vya muda vitumie `CLOCK_MONOTONIC`, ambayo hairudi nyuma.

Maswali hayo matatu hayapo kwenye mstari uliobadilishwa. Yapo kwenye mistari ambayo haikuguswa, na ndiyo maana siku mbili si nyingi.

Nitazame nini rekebisho likigusa msimbo unaoendeshwa wakati ishara inapofika?

Profaila nyingi za sampuli zinazokaa ndani ya programu inayopimwa hutegemea ishara ya `SIGPROF`, ambayo huikatiza programu popote ilipo, hata katikati ya kazi nyeti. Tuseme programu imeshika kufuli la kugawa kumbukumbu, na ishara inaingia wakati huohuo. Kama msimbo wa profaila nao utaita `malloc`, fankisheni ya kuomba kumbukumbu, utaomba kufuli lililoshikwa na uzi (mkondo wa utekelezaji) uleule uliokatizwa, na vyote viwili vitangojana milele. Hitilafu hii hutokea mara chache, haitabiriki, na programu inayopimwa ndiyo itakayolaumiwa.

Kwa hiyo fuatilia kila fankisheni inayoitwa humo, mpaka chini kabisa, na uhakikishe imo katika orodha ya POSIX, kiwango cha mifumo ya jamii ya Unix, ya zinazoruhusiwa wakati wa ishara. `malloc` haimo, wala `printf`, wala kufuli za kawaida za nyuzi. Mistari ya kuchapisha ujumbe, iliyowekwa wakati wa kutafuta kosa na kusahauliwa, ndiyo inayokamatwa mara nyingi. Tazama pia kama thamani ya `errno`, yaani namba ya kosa la mwisho, inahifadhiwa mwanzoni na kurudishwa mwishoni. Isiporudishwa, programu inayopimwa inaweza kusoma kosa lisilo lake na kuchukua uamuzi mbaya.

Profaila inaonyesha jina la fankisheni isiyohusika kabisa. Kosa huwa wapi?

Profaila hukusanya anwani za kumbukumbu, kisha baadaye huzitafsiri kuwa majina. Kwa kuwa mfumo hupakia programu na maktaba mahali tofauti kila mara kwa ajili ya usalama, tafsiri inahitaji kujua kila faili lilipakiwa wapi na sehemu yake ipi. Kosa dogo katika kutoa na kujumlisha hapo huyasogeza majina yote, na grafu ya miali (flame graph), ile aliyoibuni Brendan Gregg mwaka 2011 kuonyesha nani kamwita nani na kwa muda gani, itachorwa kwa uzuri uleule ikiwa imejaa majina ya watu wengine.

Kuna kosa jingine la siri ambalo kila mkaguzi alijue. Anwani zinazopatikana kwenye mlolongo wa miito, yaani orodha ya nani kamwita nani, isipokuwa ile ya juu kabisa, ni anwani za kurudia: zinaonyesha elekezo linalofuata baada ya mwito, si mwito wenyewe. Mwito ukiwa ndilo elekezo la mwisho la fankisheni, kama inavyotokea kwa kuita `abort`, anwani ya kurudia huangukia mwanzo wa fankisheni jirani, na jirani huyo asiye na hatia huandikwa kwenye ripoti. Dawa ni kutoa moja kabla ya kutafuta jina. Lakini dawa hiyo isitumike kwa fremu ya juu, wala kwa fremu iliyokatizwa na ishara, kwa sababu hizo tayari zina anwani kamili. Rekebisho linalotoa moja kila mahali linaponya ugonjwa mmoja na kuleta mwingine. Omba jaribio kwa kila hali kati ya hizo.

Milolongo ya miito imekatika katikati. Je, ni hitilafu ya profaila?

Si lazima. Kwa miaka mingi programu zilikompailiwa bila pointa ya fremu (alama inayoelekeza kwa fankisheni iliyoita) ili kuokoa rejista moja ya prosesa, na profaila inayopanda mlolongo kwa kufuata pointa hiyo hupotea njiani. Fedora iliirudisha katika toleo la 38 mwaka 2023, na Ubuntu ikafanya hivyo katika 24.04, kwa hiyo programu ileile inaweza kuonyesha milolongo mizima kwenye kompyuta moja na vipande kwenye nyingine. Njia mbadala ya perf, inayotumia taarifa za DWARF ambazo kompaila huacha kwa ajili ya kutafutia makosa, hunakili kwa kawaida baiti 8,192 tu za rafu ya programu (kumbukumbu ya miito inayoendelea) kwa kila sampuli; programu yenye data nyingi kwenye rafu hukatwa hapo. Rekebisho linalodai kuunganisha milolongo lieleze linashughulikia sababu ipi kati ya hizo. Likinyamaza, lirudishe.

Mpangilio wa mistari na majina ya vigeu haunipendezi. Niseme?

Kama mradi una kanuni za mtindo na zimevunjwa, sema mara moja, kwa sentensi moja. Kama ni mapendeleo yako, nyamaza.

## Majaribio na gharama

Je, kila rekebisho lazima liwe na jaribio?

Ndiyo, isipokuwa mwandishi aeleze kwa nini haiwezekani. Jambo muhimu zaidi ni kwamba mkaguzi alione jaribio hilo likishindwa. Liondoe rekebisho, bakiza jaribio, liendeshe. Likipita, halijaribu chochote. Ni kazi ya dakika tano ambayo wengi huiruka.

Jaribio lisitegemee subira. Katika mfano wa dakika 71 hakuna mradi utakaokubali kungoja zaidi ya saa moja kila mtu anapotuma badiliko, kwa hiyo saa ipitishwe kama kigezo, na jaribio litumie saa ya bandia iliyobakiza sekunde chache kufika ukingoni. Kama msimbo ulivyopangwa hauruhusu kuibadilisha saa, hilo lenyewe ni hoja ya kuandika kwenye ukaguzi.

Rekebisho ni sahihi lakini limeongeza gharama ya upimaji. Kiasi gani kinakubalika?

Piga hesabu kwa sampuli. Sampuli moja ikigharimu mikrosekunde 100, kwa sampuli 99 kwa sekunde unatumia milisekunde 9.9, sawa na asilimia 1 hivi ya muda wa uzi mmoja. Rekebisho likifungua `/proc/PID/maps` upya kwa kila sampuli ili kupata majina sahihi, na gharama ikafika milisekunde moja, umeshaingia asilimia 10, na sasa profaila inaanza kujipima yenyewe. Hakuna mpaka mmoja kwa miradi yote, lakini kupanda mara kumi kunahitaji maelezo, na mara nyingi njia ya kuhifadhi ramani ile na kuisoma upya inapobadilika tu huwa ipo.

## Mawasiliano

Niandike maoni yangu kwa Kiswahili au Kiingereza?

Fuata lugha ya mradi. Ndani ya kikundi chetu, kagua kwanza kwa Kiswahili, kwa kuwa mtu anayelazimika kutafuta maneno hupunguza hoja, na hoja zinazopunguzwa huwa ndizo ngumu. Ukishakubaliana na mwenzako juu ya kosa, kuliandika kwa Kiingereza ni kazi nyepesi.

Mwandishi wa rekebisho ni mwalimu wangu wa chuo. Nitamkosoaje?

Swali hili linatoka Iringa zaidi kuliko Mbeya, nasi hatujui kwa nini. Heshima haivunjwi na ushahidi. Inavunjwa na sauti. Mtumie kwanza ujumbe wa faragha: "Mwalimu, shikamoo. Nimeliendesha rekebisho lako kwa dakika 80 na muda ukarudi sifuri. Naomba unisaidie kuona kama nimekosea katika kulijaribu." Ukishajibiwa, weka kwenye rekodi ya mradi matokeo na hatua za kuyarudia, bila salamu na bila kuomba radhi, kwa kuwa wasomaji wa mwaka ujao hawatakuwa wanafunzi wake. Walimu wengi hufurahi. Asiyefurahi bado atakuwa amebaki na namba mbele yake.

Je, kuandika "nimeiona, iko sawa" kunatosha?

Hakutoshi, kwa sababu hakusemi uliona nini. Katika kerneli ya Linux alama ya `Reviewed-by` na ile ya `Tested-by` zina maana mbili tofauti, ya kwanza kwa aliyeukagua msimbo na ya pili kwa aliyeujaribu, na ni vizuri kuzitenganisha hata kwenye miradi isiyozitumia. Andika mashine, toleo la kerneli, muda wa kipimo, matokeo ya kabla na ya baada, na sehemu ambazo hukuzigusa.

## Hali za pembeni

Rekebisho linatibu dalili tu, lakini watumiaji wanaumia leo. Nilipitishe?

Linaweza kupita kwa masharti mawili: maelezo yake yakiri wazi kwamba chanzo bado kipo, na ripoti ya hitilafu isifungwe. Lisipite kamwe likiwa linaficha namba mbaya badala ya kuisahihisha, mathalani kwa kugeuza kila muda hasi kuwa sifuri. Profaila inayosema haijui ni bora kuliko inayobuni, na msimbo uonyeshe hivyo kwa kuiandika sampuli kama iliyopotea, tena kwa hesabu inayoonekana kwenye ripoti.

Rekebisho limebadilisha namba ambazo watu wamekuwa wakizitegemea. Je, ni kosa?

Kama namba za zamani zilikuwa potofu, si kosa, ila ni badiliko ambalo lazima litangazwe kwenye maelezo ya toleo. Kuna mtu mahali fulani analinganisha vipimo vya mwezi huu na vya mwezi uliopita, na bila tangazo ataamini kwamba programu yake imepungua kasi.

Nimelijaribu kwenye kompyuta ya x86 pekee. Inatosha?

Kwa rekebisho la maandishi au ripoti, inatosha. Kwa rekebisho linalogusa bafa inayoandikwa na uzi mmoja na kusomwa na mwingine bila kufuli, haitoshi. Prosesa za x86, zilizo kwenye kompyuta nyingi za mezani, zina taratibu kali kuhusu mpangilio wa kuandika kwenye kumbukumbu, ilhali za ARM, zilizo kwenye simu nyingi, huruhusu msomaji aone alama kwamba data iko tayari kabla ya data yenyewe kufika, endapo msimbo haukuweka vizuizi vinavyofaa. Msimbo wenye kosa hilo unaweza kukimbia mwaka mzima kwenye x86 bila tatizo. Raspberry Pi ya mwanafunzi inatosha kwa jaribio. Iache ikimbie usiku kucha ikiwa na nyuzi nyingi kuliko viini vyake. Kupita kwa jaribio hilo hakuthibitishi usalama, kwa hiyo vizuizi vyenyewe bado visomwe kimoja kimoja.

Niliidhinisha rekebisho, likaunganishwa, na sasa limeharibu kitu kingine. Nifanye nini kwanza?

Pendekeza kuliondoa kwa `git revert` kabla ya kuanza kutafuta rekebisho la rekebisho, hasa kama toleo liko karibu. Ripoti ya awali ifunguliwe tena, na maelezo ya kuondoa yataje kipimo kilichoonyesha uharibifu. Kisha andika jaribio ambalo lingeukamata, liunganishwe peke yake kwanza, ili mwandishi yeyote wa rekebisho la pili, awe yuleyule au mwingine, alikute pale.